ALIBONYEZA MARA TISA, HAIWAKI! Dogo wa Likombe, hela ya kikoba na video ya harusi iliyogoma kutoka

Likombe, Mtwara. Saa moja kasoro asubuhi. Dogo mmoja yuko geto lake, kavaa bukta na singlendi, kapiga magoti mbele ya kompyuta kama mtu anayeomba msamaha. Anabonyeza kitufe. Feni zinazunguka sekunde mbili, kimya. Anabonyeza tena. Feni, kimya. Mara ya nne, ya tano, ya sita. Pembeni simu inaita, anaiangalia, anaigeuza uso chini.

Mara ya tisa ndo skrini ikawaka. Ilikuwa tarehe 30 Aprili 2024, na huyo aliyekuwa anapiga simu alikuwa na haki zote za kupiga.

Majina yabaki pembeni. Mtwara ni ndogo, na wahusika wote wapo hai na wana simu janja. Tumwite dogo, basi, ingawa ana miaka ishirini na sita na ndevu zimeshajaa.

Sasa mdau, usimchukulie huyu dogo poa. Hii kompyuta hakununua dukani ikiwa kwenye boksi. Aliijenga mwenyewe, kipande kwa kipande. Msimu wa korosho uliopita alipiga kibarua cha kubeba magunia ghalani mpaka mabega yakaota sugu, akaweka laki sita. Hiyo hela kila mtu kwao alijua ni ya nini: mahari. Mjomba wake, ambaye kule kusini ndiye mwenye sauti kwenye mambo ya ndoa kuliko hata baba mzazi, alishaanza kuulizia siku ya kwenda kwa wakwe.

Dogo akaja na hesabu nyingine. Alikuwa anapiga video za harusi kwa kamera ya kuazima na anahariri kwa laptopu ya mshkaji, kila kazi wanagawana nusu kwa nusu. Akiwa na mashine yake, harusi moja ni laki tatu na nusu inaingia mfukoni mzima mzima. Harusi tatu tu, mahari imerudi na chenji. Akaipeleka hiyo hesabu kwa mchumba wake, dada anayefanya miamala ya simu kwenye kibanda karibu na barabara.

Dada hakupiga kelele. Aliuliza maswali mawili tu: inahitajika shilingi ngapi, na pungufu ni kiasi gani. Inahitajika milioni, pungufu laki nne. Jumapili iliyofuata akaenda kwenye kikoba chake, akakopa laki nne kwa jina lake. Riba asilimia kumi, jumla laki nne na arobaini, kurudisha elfu ishirini na mbili kila wiki kwa wiki ishirini. Kwao hakuna aliyejua. Kwa dogo hakuna aliyejua. Walijua wao wawili na kina mama wa kikoba, ambao wanajua kila kitu.

Dogo akapanda basi la Dar, akaingia Kariakoo. Siku mbili anazunguka maduka ya vitu vya mtumba. Kadi ya grafiksi peke yake laki mbili na elfu sitini. Ramu gigabaiti kumi na sita, elfu tisini. Mazabodi na prosesa vikiwa ndani ya boksi lake, laki mbili na themanini. Na humo humo ndani ya boksi kulikuwa na pawa saplai, kile kidude cha bati chenye feni kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa. Muuzaji akamwambia, "Hiyo chukua tu mdogo wangu, nyongeza."

Kumbuka hilo neno, nyongeza.

Akarudi Mtwara, kilomita mia tano na zaidi, boksi kalipakata mapajani kama mtoto mchanga. Usiku huo huo akaunganisha. Ikawaka mara ya kwanza. Akapiga picha akaweka status, taa za bluu zinamulika, watu wakammiminia moto kwenye komenti. Mwezi wa tatu mzima mashine inapiga kazi kama mpya, ila ulikuwa Ramadhani, harusi hakuna, alikuwa anatengeneza matangazo ya futari na vipeperushi vya mashindano ya mpira.

Baada ya Idi ndo vituko vikaanza. Asubuhi anabonyeza, feni zinaanza halafu zinalala. Anabonyeza tena, inawaka. Akasema ah, uchovu tu. Wiki ya pili ikawa mara tatu. Tarehe 20 Aprili akapiga harusi kubwa Shangani, familia ya watu wazito, malipo laki tatu na nusu, akapewa kianzio laki moja na nusu. Picha zote akazimwaga kwenye hadi diski ya ile mashine, kadi za kamera akazifuta kwa sababu kamera ni ya kuazima, mwenyewe anaitaka. Kopi ya pili? Hakuna.

Kwenye ile harusi kulikuwa na bibi mzaa mama wa bibi harusi, kikongwe kabisa, kaletwa kutoka kijijini. Katikati ya shughuli akainuka bila kusaidiwa, akachukua maiki kwa MC, akaongea kimakonde kama dakika nne. Ukumbi mzima ulinyamaza, halafu ukalipuka kwa vigelegele. Dogo alikuwa mbele kabisa na kamera, kaichukua yote.

Siku saba baadaye, Jumamosi ya tarehe 27, yule bibi akafariki.

Ndo maana simu zilikuwa zinaita. Mama wa bibi harusi hakuwa anadai video ya keki na kucheza. Alikuwa anataka dakika nne za mama yake. Na alitaka filamu nzima iwe tayari kabla ya arobaini, ambayo kwa hesabu ilikuwa inaangukia tarehe 5 Juni, maana ndugu wa kutoka kijijini na Dar watakuwepo wote.

Dogo akafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Akaacha kupokea simu.

Alichofanya kingine ni kuanza kuhangaika na mashine. Kitaani kila mtu ni daktari wa kompyuta. Wa kwanza akamwambia ramu zimeshika kutu, hewa ya bahari hii. Na hapo hajadanganya, Mtwara chumvi ya bahari inakula mpaka bawaba za milango. Dogo akachomoa ramu, akachukua kifutio cha penseli, akasugua zile meno za dhahabu mpaka zikang'aa, akarudisha. Akabonyeza. Ikawaka palepale! Akashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Kesho yake asubuhi, mara sita.

Wa pili akasema betri ya mazabodi, ile ya duara kama sarafu. Akabadilisha, elfu mbili. Ikawaka palepale. Kesho yake asubuhi, mara nane.

Hapo kuna kitu kimejificha mdau, na dogo hakukiona. Endelea.

Tarehe 2 Mei akaibeba kwenye bodaboda mpaka kwa fundi mmoja mjini. Kabla ya kutoka akahakikisha kwanza inawaka, ikamchukua mara saba. Akaifunga kwenye shuka, akaenda. Fundi akaichomeka, akabonyeza mara moja tu. Ikawaka. Akazima, akawasha. Ikawaka. Akachukua mita yake akapima nyaya za pawa saplai, wa njano ukasoma volti kumi na mbili na pointi moja, safi kabisa, maana inaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia tano. Fundi akamwangalia dogo kama mtu aliyekuja hospitali bila ugonjwa. Halafu kwa vile mtu kashalipia elfu kumi ya kuangaliwa, lazima jibu lipatikane: "Mazabodi hii imechoka. Tafuta nyingine."

Mazabodi nyingine, laki moja na arobaini. Dogo alikuwa na kile kianzio cha harusi, laki moja na nusu. Akakituma Kariakoo kwa yule yule muuzaji siku hiyo hiyo. Yaani hela ya mama wa Shangani, ambaye hapokelewi simu, ndo inanunua mazabodi. Mzigo ukapakiwa kwenye basi.

Sasa vuta kumbukumbu. Wikiendi hiyo ndo Kimbunga Hidaya kiligonga pwani yetu. Upepo, mvua, na tarehe 5 Mei barabara ya Dar kuja Lindi na Mtwara ikakatika pale Somanga, Kilwa. Maji yamebeba barabara, magari yamekwama huku na huku. Dogo akampigia konda, konda akasema kwa sauti ya mtu ambaye hajalala, "Bro, gari tumegeuza. Mzigo wako unarudi Dar."

Jioni hiyo dada akapita geto akitoka kazini. Akamkuta dogo kakaa chini, mashine imefunguliwa, vidude vimetapakaa sakafuni kama samaki wa kuanikwa. Simu ikaita. Dogo akaigeuza. Dada akaiokota, akaangalia jina, akaona simu ambazo hazikupokelewa: thelathini na moja.

"Huyu si yule mama aliyefiwa?"

Kimya.

"Nimekuuliza, we kaka. Ni yule mama aliyefiwa?"

Hapo ndo dogo akafunguka yote. Kwamba mashine haiwaki, kwamba kianzio kimeshaliwa, kwamba mazabodi ipo kwenye matope Kilwa, kwamba anaogopa akiibonyeza sana diski itakufa na yule bibi atakufa mara ya pili. Dada alikasirika, tusidanganyane. Wiki hiyo alikuwa ameshalipa marejesho ya kumi, laki mbili na ishirini zimetoka kwenye posho yake ya kibanda, na kumbe mwenzie anatupa laki moja na arobaini bila kumwambia. Akamwambia maneno ambayo hayaandikiki hapa. Akatoka nje. Akakaa barazani kama nusu saa na mbu wake.

Aliporudi alikuwa na swali. "Hizo picha za bibi zipo kwenye nini hasa? Kwenye hiyo mazabodi?"

"Hapana, kwenye diski. Hii hapa."

"Inachomoka?"

Inachomoka, tena kwa skrubu nne. Dogo alikuwa anajua hilo tangu siku ya kwanza. Lakini mtu ukishachanganyikiwa akili inaganda sehemu moja, unaona mashine haiwaki unahisi kila kitu kilichomo ndani nacho kimekufa. Kumbe diski inaweza kuwa nzima kabisa ndani ya kompyuta mfu, na ukiihamishia kwenye mashine nyingine inasoma kama kawaida. Na ile hofu yake ya kuibonyezabonyeza haikuwa ya kijinga: diski inayozunguka haipendi kukatiwa umeme ghafla kila mara.

Usiku ule ule wakaenda kwa mshkaji mwenye kibanda cha magemu, ana kompyuta moja nyuma ya kaunta. Wakachomeka diski. Ikasoma. Mafaili yote yapo. Dogo akazitafuta zile dakika nne, akazikata, hakuweka muziki wala maua. Kwanza kabisa wakanakili harusi nzima kwenye diski ya mwenye kibanda, hilo lilikuwa wazo la dada. Halafu zile dakika nne wakaziweka kwenye fulashi.

Asubuhi ya tarehe 6 dogo akaenda Shangani mwenyewe. Dada alimwambia usitume kwa simu, nenda na miguu yako. Akafika, akatoa shikamoo, akaanza kujieleza, mashine, kimbunga, Somanga. Yule mama akamwambia, "Mwanangu, ungepokea simu tu." Akachomeka fulashi kwenye tivii. Dogo anasema alitaka kuondoka lakini akaambiwa akae, akakaa, na wale akina mama waliangalia zile dakika nne mara tano bila mtu kuongea.

Basi, la dharura limepita. Lakini filamu nzima bado, wiki nne zimebaki, na mashine ya mwenye magemu haiwezi kazi hiyo, inakwama ukiweka tabaka la pili tu la video.

Hapa ndo habari inakuwa tamu, kwa sababu aliyekamata ugonjwa hakuwa fundi wala dogo.

Dada anaishi na daftari. Kazi ya miamala bila daftari unafilisika siku moja: nani katoa, saa ngapi, kiasi gani, salio limebaki ngapi. Jioni ikileta upungufu wa elfu tano, hakisii, anafungua daftari anarudi nyuma mstari kwa mstari. Akamuuliza dogo, "Huwa inagoma saa ngapi?" Dogo akajibu, "Muda wowote tu, ikijisikia." Dada akasema hakuna kitu cha muda wowote. Akanunua daftari la mia tano, akachora mistari, akafunga kalamu kwa uzi, akaliacha mezani. Kila ukibonyeza andika. Saa ngapi, ilikuwa imelala muda gani kabla, swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa au imewashwa, umebonyeza mara ngapi.

Dogo aliona ni utoto. Akaandika hivyo hivyo kwa sababu alikuwa kwenye kipindi cha kutii.

Tarehe 12 Mei, Jumapili, intaneti ikafa. Unaikumbuka ile siku, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, Tanzania nzima tukabaki tunaangalia kile kiduara kinazunguka. Dogo alikuwa anategemea video za Youtube za Wahindi kutafuta dawa ya mashine, sasa hata hizo hakuna. Kitu pekee cha kusoma kilikuwa daftari.

Dada akalifungua jioni hiyo, akaanza kupiga mistari kwa kalamu nyekundu. Ikiwa imelala usiku kucha na swichi ya ukutani imezimwa: mara 7, mara 9, mara 6, mara 8. Ikiwa imezimwa dakika kumi au ishirini halafu ikawashwa: mara 1, mara 1, mara 1, mara 1. Hakuna hata moja iliyokosea. Na kulikuwa na usiku mmoja dogo alisinzia akasahau kuzima ukutani: asubuhi yake, mara 2.

"Haijisikii tu hii," dada akasema. "Ikiwa na joto inawaka. Ikipoa inagoma."

Dogo akanyamaza, halafu akapiga kofi kichwani. Kifutio! Alisugua ramu baada ya mashine kuwa imewaka muda mrefu, ilikuwa ya moto. Betri, vilevile. Kwa fundi, aliiwasha nyumbani kwanza, ikafika ikiwa bado na joto, mita ikasoma vizuri. Kila dawa ilionekana imefanya kazi kwa sababu kila dawa ilijaribiwa mashine ikiwa imeshaamka. Kama unampeleka mgonjwa wa homa za usiku hospitali saa nane mchana kila siku.

Na kitu gani kwenye kompyuta kinajali kupoa na kinajali swichi ya ukutani? Ramu haijui habari za ukutani. Hadi diski haijui. Kinachoongea na ukuta ni kimoja, ile nyongeza.

Tueleweshane kidogo, haichukui muda. Ndani ya pawa saplai kuna vidude vya duara kama vipipa vidogo, vinaitwa kapasita. Kazi yake ni kuweka umeme utulie usiyumbe. Ndani yake kuna maji maji, na miaka ikienda, joto na vumbi vikizidi, yale maji yanakauka. Kapasita iliyokauka ikiwa baridi inafanya kazi vibaya zaidi, ikipata moto inajikongoja. Sasa pawa saplai ikiwashwa inatakiwa itulize umeme kwa chini ya nusu sekunde hivi, halafu itume ishara kwa mazabodi kwamba mambo safi, anza. Ishara ikichelewa, au umeme ukiyumba, mazabodi inakataa. Feni zinazunguka kidogo, kimya. Kila ukibonyeza vinapata joto kidogo, mpaka mara ya tisa vinafika. Na ukiacha swichi ya ukutani imewashwa, kuna sehemu ya pawa saplai inakuwa macho usiku kucha hata kama mashine imezimwa, ndo maana ile asubuhi ikawa mara mbili tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dunia nzima ilisumbuliwa na kapasita mbovu, kompyuta nyingi za makampuni makubwa zilivimba vichwa vya kapasita, kwa hiyo si ugonjwa wa Likombe peke yake.

Dogo akamulika tochi ya simu kwenye matundu ya lile bati. Kapasita mbili, vichwa vimetuna kama andazi. Alitaka kulifungua palepale, bahati nzuri mwenye magemu alikuwepo akamzuia. Na wewe unayesoma usifungue hicho kidude kama si fundi wa umeme. Hata ukichomoa waya, kile kipipa kikubwa kinabaki na chaji ya kukurusha.

Mwenye magemu akawaazima pawa saplai ya kompyuta yake. Wakafunga tarehe 13 usiku. Dogo akataka kuwasha hapohapo. Dada akakataa. "Mpaka asubuhi. Zima ukutani, lala."

Asubuhi ya tarehe 14 dada alipita saa kumi na mbili na nusu kabla ya kufungua kibanda, hajanywa hata chai. Dogo akabonyeza. Mara moja, ikawaka. Mwanaume akaanza kurukaruka, dada akaandika kwenye daftari, akasema, "Kesho tena."

Tarehe 15, mara moja. Tarehe 16, mara moja. Dogo akasema sasa tumemaliza. Dada akasema bado, rudisha lile bovu tuone. Wewe ungekubali? Mashine imepona halafu mtu anakuambia iuguze tena. Lakini hoja yake ilikuwa nzito: wameshadanganywa mara tatu, na kifutio, na betri, na fundi, na kila mara waliamini kwa sababu iliwaka. Wakarudisha la zamani. Tarehe 17 asubuhi, mara nane.

Hapo ndo dada akafunga kalamu.

Dogo akampigia muuzaji wa Kariakoo. Mazabodi ilikuwa imeshamrudia, bado imefungwa kwenye boksi lake. Akamwomba abadilishiwe: pawa saplai mpya, siyo mtumba, siyo nyongeza, na chenji irudi. Muuzaji alinung'unika kidogo halafu akakubali. Pawa saplai elfu sabini na tano, akakata elfu kumi ya usumbufu wake, akarudisha elfu hamsini na tano. Hiyo chenji haikulala kwa dogo hata saa moja, iliingia kwenye simu ya dada na kwenda kwenye marejesho.

Mzigo ulifika baada ya siku chache. Dogo alijifungia, anahariri usiku na mchana, swichi ya ukutani anaizima na kuiwasha kama kawaida. Umeme ulikatika mara kadhaa, mashine ikazimika, ukirudi anabonyeza mara moja, anaendelea. Tarehe 3 Juni akapeleka filamu Shangani, na kopi mbili kwenye fulashi mbili tofauti. Zile dakika nne hakuziweka katikati pamoja na hotuba nyingine. Aliziweka mwisho kabisa, baada ya watu kuondoka ukumbini kwenye picha, viti vitupu, halafu bibi na maiki yake. Siku ya arobaini walioziangalia walikuwa wamejaa sebule mpaka uani. Yule mama alimlipa laki mbili zilizobaki, akaongeza elfu hamsini, na akampa kazi ya mpwa wake mwezi wa nane.

Mahari bado. Tusidanganyane kwamba kila kitu kilikaa sawa. Mjomba alipata habari za kikoba kutoka kwa mmoja wa wale kina mama, akaja geto bila kupiga hodi ya simu, akakaa kitandani akaiangalia ile mashine na mataa yake ya bluu muda mrefu. Akauliza, "Ndo hii iliyokula mahari?" Dogo akajibu ndiyo, anko. Mjomba akauliza nani aliijua mbovu yake. Dogo akasema ni yeye, akamwonyesha dada aliyekuwa anachambua mchele mlangoni. Mjomba akaomba aletewe hilo daftari. Akalifunua ukurasa kwa ukurasa, ana miwani ya kushikiwa kwa mpira sikio moja, akasoma namba zote mpaka mwisho. Akalifunga. Akasema wakwe ataenda kuwaona mwenyewe wiki ijayo, aombe wasubiri mpaka korosho za mwaka huu.

Marejesho ya mwisho ya kikoba yalilipwa Julai.

Lile pawa saplai bovu lipo bado, limewekwa chini ya mlango wa geto usigongwe na upepo. Daftari nalo lipo mezani na kalamu yake ya uzi, na dogo anaendelea kuandika kila asubuhi ingawa hakuna aliyemwambia aendelee. Kurasa nzima ni mara 1, mara 1, mara 1. Kuna sehemu moja tu yenye maandishi ya dada, kwa kalamu nyekundu, pembeni ya tarehe 29 Juni: "Mara 1. Umesahau kuzima ukutani, unamaliza luku."